Nimeng'oa gego la chini, sasa naona meno ya jirani yanahama. Ni kawaida au najitisha bure?

BintiKibada
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wenye uelewa maana humu hamkosekani. Mwaka juzi niling'oa gego la chini kulia, lilikuwa limetoboka hadi ndani, nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likakataa, usiku nyumba nzima hailali. Nikaenda zangu kituo cha afya, nikachomwa ganzi, jino nje, nikapewa pamba ning'ate na kuambiwa kesho yake nianze kusukutua na maji ya chumvi, basi. Habari ya pengo litakuaje hakuna aliyeniambia.

Sasa hivi chakula kinanasa upande ule balaa, hasa nyama na mchicha. Nikipitisha ulimi naliona jino la nyuma ya pengo kama limelala kwa mbele. Halafu yale madogo mawili yaliyo mbele ya pengo yalikuwa yamebanana, leo kuna upenyo hadi kijiti kinapita. Na gego la juu nikifumba mdomo nalisikia limezidi wenzake, kama limeshuka vile.

Shoga yangu ananitisha eti nisipoweka la bandia hadi ya mbele yatakuwa shaghalabaghala. Mume wangu anasema jino ni mfupa na mfupa hauhami, nisidanganywe nikaliwe hela. Niko na miaka 31. Nani mkweli hapo?

Msambaa_Halisi
Pole sana dada. Shemeji nae bana, mfupa hauhami wakati watu wanavaa breses, zile waya za kunyoosha meno, na meno yanahama kila siku tunaona.

MzeeMakorora
Mimi nimeng'oa magego tangu enzi za Mkapa na sijawahi kuona jino limehama hata moja, meno yangu ya mbele yamenyooka mpaka leo na mahindi ya kuchoma natafuna. Hiyo ni biashara tu binti yangu, wanataka uweke jino la bandia. Pengo halijawahi kuua mtu.

KondaMstaafu
Mzee shikamoo. Ila mi nilivyoelezwa ni kama kwenye daladala, akishuka mmoja kwenye siti ya nyuma waliobaki wote wanajiachia, hakuna anaekaa kwa kujibana tena.

DaktariKinywa
Nimepita nikaona huu uzi, nichangie kidogo, ila dada elewa siwezi kukutibu kwa maneno, hayo unayoyaeleza lazima mtu akuangalie mdomoni.

Mfano wa Konda ni mzuri ila una kasoro moja kubwa. Abiria anasogea mzima mzima, gego la chini kwa kawaida halisogei hivyo, linainama. Kichwa kinakuja mbele, mizizi inabaki karibu palepale. Na ndo maana chakula kinakunasa, ntaeleza mbele.

Kwanza tujue ni jino gani. Angalia kadi uliyopewa siku ile. Kama wameandika 46 basi ni gego la kwanza chini kulia, ile 4 ni robo ya chini kulia ya mdomo na 6 ni jino la sita ukihesabu kuanzia katikati. Hilo linaota mtoto akiwa na miaka kama 6, linaota nyuma ya meno ya utoto bila kusukuma jino lolote litoke, kwa hiyo wazazi wengi wanadhani ni la utoto litang'oka tu, halipigwi mswaki vizuri na linaoza mapema. Wagonjwa wengi ninaowaona wameng'oa gego ni hilohilo.

Sasa hili la mfupa. Jino halijagandishwa kwenye taya. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzinyuzi zinazolining'iniza, nafasi yake ni kama milimita 0.2 tu, na mfupa unaozunguka mzizi uko hai, unabomolewa na kujengwa muda wote. Jino likipata nguvu ndogo lakini ya muda mrefu, upande linakoelekea mfupa unaliwa, upande linakotoka unajengwa mwingine. Breses zinatumia hichohicho. Kwa hiyo shemeji tumsamehe, mfupa kweli hautembei, ila jino linatembea ndani ya mfupa.

Kilichokuwa kinayazuia meno yako yasihame ni vitu kadhaa kwa pamoja: majirani waliobanana, jino la upande wa pili linalogongana nalo, ulimi kwa ndani na shavu kwa nje. Ukitoa 46 unaondoa jirani wa mawili na mgongano wa moja kwa mpigo. La nyuma (47) linainama mbele na mara nyingi linajizungusha kidogo, maana hata nguvu ya kutafuna yenyewe inayasukuma magego kuelekea mbele. La mbele ya pengo (45) linaweza kurudi nyuma, na hapo ndo unapata upenyo kati yake na 44, huo unaopitisha kijiti. Na la juu (16) halina tena cha kugonga, linaanza kushuka, mara nyingine linashuka na fizi yake kabisa.

Na mfupa wa pale penye pengo unapungua. Ndani ya mwaka wa kwanza unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya hiyo hasara inatokea miezi 3 ya mwanzo. Ukipapasa kwa kidole upande wa shavu utakuta pamebonyea.

Shoga yako nae amezidisha chumvi. Kwa watu wazima wengi tunaongelea milimita 1 au 2, na kwa baadhi hata hiyo 1 haifiki. Wachache ndo linalala kabisa. Vijana wadogo na wenye ugonjwa wa fizi wanahama zaidi.

BintiKibada
Dokta Mungu akubariki, nimetoa kadi sasa hivi, imeandikwa 46 kweli!! Na pamebonyea kama ulivyosema nimepapasa.

MzeeMakorora
Marahaba Konda. Sawa daktari lakini mimi mbona sijahama?

DaktariKinywa
Shikamoo mzee wangu. Sababu zinaweza kuwa nyingi. Pengine uling'oa ukiwa mtu mzima tayari na mfupa umekomaa, pengine meno yako ya juu na chini yanaumana vizuri kiasi kwamba hata lenye nafasi linashikiliwa na mwenzake lisipate pa kwenda. Pengine na la juu yake ulishang'oa, kwa hiyo hakuna la kushuka. Na pengine yamehama ila unaangalia mbele kwenye kioo, wakati mambo yako nyuma. Meno ya mbele kunyooka hakukuambii chochote kuhusu magego. Chukua tochi ya simu na kioo kidogo uangalie pembeni.

MzeeMakorora
Ntamwambia mjukuu anipige picha.

Nyamwaya_Ksm
Niko Kisumu, hii imenikumbusha babu yangu marehemu. Yeye alitolewa yale 6 ya mbele chini kimila zamani zile, na kwenye picha yale ya juu yanaonekana marefu halafu yametokeza nje. Mi nilidhani tu ndo sura yake kumbe ni hii stori mnaongea.

DaktariKinywa
Ndio hiyohiyo. Ya juu yakikosa ya chini ya kuumana nayo yanashuka na kusukumwa mbele na ulimi. Wadinka na Wanuer waliohamia Marekani, kule Lincoln jimbo la Nebraska, wana mila hiyohiyo ya kung'oa ya mbele chini, na baadhi yao walienda kuwekewa implanti (jino la bandia linalopandikizwa kwenye mfupa) ukubwani, kazi ikawa ngumu sababu hiyo ya meno ya juu kuhama na mfupa wa chini kupungua.

Chiku_wa_Chamwino
Mi swali langu la haraka, niling'oa jino la mwisho kabisa, lile la akili, limeota limelala. Na mimi yatahama?

DaktariKinywa
La mwisho halina mtu nyuma yake wa kuinamia pengo, na lililo mbele yake kwa kawaida halirudi nyuma, mwelekeo wake ni mbele. Usiwe na shaka. Tukiwa hapohapo, ile imani kwamba jino la akili likiota linasukuma ya mbele yapandane, tafiti haziiungi mkono. Ya mbele chini yanazidi kubanana kadiri umri unavyokwenda hata kwa watu ambao hawajawahi kuwa na jino la akili. Mtu akikwambia ung'oe la akili zima lisilo na tatizo ili ya mbele yasipandane, muulize maswali zaidi.

Gwiji_wa_Mwanjelwa
Sasa mbona kuna watu wakienda kuvaa breses wanang'olewa manne mazima kabisa, si ndo yanahama sasa?

DaktariKinywa
Ndo lengo. Pale mtu anataka yahame, anatengeneza nafasi halafu waya unayaongoza yaende wima na kwa mpango. Tatizo la pengo la dada ni kwamba hakuna anaeyaongoza.

Abuu_Ruwi
Asalaam aleykum. Niko Muscat, nichangie kwa yaliyonikuta. Mi pia ni hilohilo la 46, nikakaa nalo pengo miaka mingi nikawa natafunia upande mmoja tu, nilipokwenda nataka implanti daktari akanipiga eksirei ya taya zima akanionesha 47 limelala mpaka nafasi imekuwa nyembamba, jino la ukubwa wa gego haliingii. Na la juu limeshuka limejaa kwenye pengo. Ikabidi kwanza nivae waya wa kulisimamisha la nyuma, na la juu wakalisaga kidogo na kulivalisha kofia, ndo implanti ikafuata, halafu tukasubiri mfupa ushikane na ile skrubu miezi kadhaa kabla ya kuwekewa jino la juu yake. Yaani gharama ya kusubiri ilizidi hata ya jino lenyewe. Sasa hivi natafuna kote alhamdulillah, ila vile viwaya umri wangu ule watoto walinicheka sana nyumbani.

BintiKibada
Abuu umenitisha sasa 😩 mi nifanye lipi? Na bei zake zikoje maana nasikia implanti ni mamilioni.

DaktariKinywa
Usitishike. Bei sitataja, kila kliniki na yake, ila ngazi ziko wazi: implanti ndo juu kabisa, daraja linafuata, jino la kuvaa na kuvua ndo nafuu.

Implanti ni skrubu ya titani inayoshikana na mfupa wenyewe, mtu wa kwanza aliwekewa Sweden mwaka 1965 na mtafiti wa huko anaitwa Brånemark. Uzuri wake haigusi majirani. Inataka mfupa wa kutosha, na kwa magego ya juu kuna jambo la ziada, juu ya mizizi kuna uwazi wa hewa ndani ya shavu, jino likitoka uwazi ule unashuka na kula nafasi ya mfupa, ndo utasikia mtu anaambiwa apandikizwe mfupa kwanza. Sukari isiyodhibitiwa na sigara vinaongeza uwezekano wa kufeli. Na kijana ambae taya bado linakua hawekewi, maana implanti haina zile nyuzinyuzi, haihami wala haikui na wenzake, itabaki chini wenzie wakipanda.

Daraja linasimama juu ya majirani wawili, kwa hiyo yanasagwa. Kama majirani tayari yana viraka vikubwa au yamemeguka, daraja lina maana. Kama ni mazima kabisa mimi binafsi moyo unasita kuyasaga, jino zima ni jino zima.

La kuvaa linajaza nafasi na linazuia la juu lisishuke zaidi kama unalivaa kweli, wengi wanaliacha kwenye glasi. Usiku unalivua, unalisafisha.

Halafu kuna chaguo watu hawalitaji, kuacha hivyohivyo. Nasema kwa makusudi maana wenzangu wengi wanauza hofu. Watafiti wa Kiholanzi wa chuo cha Nijmegen walisema kitambo kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila magego yote, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakishirikiana na wenzetu wa Muhimbili wakaangalia watu wa hapahapa Tanzania wenye meno pungufu nyuma. Walioonekana kutafuna kwa shida kweli ni wale ambao hata yale madogo ya kabla ya magego hayana wenzake wa kuumana nao. Wenye madogo yote na angalau magego yanayokutana upande mmoja walikuwa wanakula vizuri tu, vyakula vyetu hivihivi. Kwa hiyo pengo moja peke yake sio sababu ya kukopa vikoba.

Msambaa_Halisi
Hapo kwenye vikoba umepatia 😂 wifi yangu alikopa aweke jino.

Fundi_Gerezani
Dokta nina jambo, kama anaacha hivyo si ndo lile jino la nyuma litazidi kulala mpaka lifike?

DaktariKinywa
Kwa kawaida kuhama kwingi kunatokea miaka ya mwanzo, halafu kasi inapungua, sio kwamba linatembea milele. Kinachotakiwa ni kupima sio kukisia. Dada akienda achukuliwe chapa ya meno au picha leo, arudi baada ya miezi 6 au mwaka, walinganishe. Kama hakuna mabadiliko na anakula vizuri, unamuacha. Kama 16 linazidi kushuka, unaingilia mapema wakati bado kazi ni ndogo.

Nilisema ntaeleza kunasa kwa chakula. Jino likiinama mbele, upande wake unaotazama pengo unaelekea chini kwenye fizi, panatokea kijishimo kati ya jino na fizi, na nywele za mswaki wa kawaida zinapita juu kwa juu hazifiki. Utando unakaa pale, fizi inavimba, ukigusa inatoa damu, mfupa unaanza kushuka upande huo. Kwangu mimi hili ni hatari kuliko kuhama kwenyewe. Jino halipotei kwa sababu limeinama, linapotea kwa sababu halisafishiki. Tafuta mswaki wa kichwa kidogo, ule wenye kishada kimoja cha nywele, uingize kutokea upande wa pengo ukiuelekeza nyuma, usugue taratibu ule uso wa jino kufuata mstari wa fizi. Pale kwenye upenyo wa yale madogo tumia vibrashi vidogo vya kupitisha katikati, achana na vijiti vya mbao, vinachoma fizi na wakati mwingine ncha inakatikia humo.

BintiKibada
Vijiti ndo natumia kila siku jamani. Na damu inatoka kweli pale nyuma, nilidhani ni sababu ya mswaki mgumu.

DaktariKinywa
Basi hiyo damu ndo ya kukupeleka hospitali, kuliko hata lile pengo. Ukifika waambie wakupime kina cha fizi kwenye 47, na wakung'atishe ile karatasi ya rangi waone 16 linagusa wapi.

Gwiji_wa_Mwanjelwa
Kuna jamaa yangu walichukua jino lake la akili wakalipandikiza kwenye tundu la gego lililong'olewa, nikaona ananidanganya.

DaktariKinywa
Hajakudanganya, ipo, hasa kwa kijana ambae mizizi ya jino la akili haijamaliza kukua. Inahitaji jino lenye umbo linaloingia pale na daktari mwenye mkono mzuri. Ila sio kwa pengo la mwaka juzi, tundu limeshajifunga.

Mama_Naima
Samahani kuingilia uzi wa mtu, nina mtoto wa miaka 7 ana gego la utoto limeoza lina jipu kwenye fizi, nimeambiwa ling'olewe. Si la utoto tu, litaota jingine? Au na lenyewe lina haya mambo ya kuhama?

DaktariKinywa
Swali zuri sana mama na tena kwa mtoto ndo jambo hili lina uzito zaidi. Jino la kudumu linalokuja hapo chini yake linaota miaka 10 hadi 12 hivi, kwa hiyo una miaka mitatu au zaidi ya pengo. Kwa umri wa 7 lile gego la kwanza la kudumu ndo limetoka kuota nyuma yake, na linateleza mbele kirahisi kuliko la mtu mzima. Likishaziba nafasi, la kudumu likifika linakosa mlango, linaotea kwa ndani upande wa ulimi au linabaki limekwama kwenye mfupa. Hapo ndo breses za baadae zinapoanzia.

Kama lina jipu na haliwezi kuokolewa, ling'olewe, usimuache na usaha mdomoni. Ila kabla ya kung'oa uliza mambo mawili: je linaweza kusafishwa mizizi likavalishwa kofia ya chuma likae hadi muda wake, na kama haliwezekani, je wanaweka kile kiwaya cha kushikilia nafasi. Ni kipete kinavalishwa jino la nyuma chenye kitanzi kinachofika hadi la mbele, anakula nacho, anapiga nacho mswaki, kinatolewa la kudumu likianza kuchungulia. Kinatakiwa kikaguliwe kila baada ya miezi kadhaa kisije kikalegea au kuzama kwenye fizi.

Mama_Naima
Asante sana dokta, hapa kwetu ni zahanati tu sijui kama wana hicho kiwaya.

DaktariKinywa
Zahanati hutakipata. Nenda hospitali ya mkoa, kitengo cha kinywa na meno, kama hawana wakuandikie rufaa uende nayo kabla jino halijang'olewa kama hana homa na uso haujavimba. Akivimba shavu au homa ikipanda usisubiri rufaa, mpeleke siku hiyohiyo. Na ukiwa huko mwambie daktari aangalie yale magego manne mapya ya nyuma, kama yana mifereji mirefu yanaweza kupakwa dawa ya kuziba mifereji yasioze.

Mama_Naima
Jumatatu nampeleka. Anaogopa sindano huyo, tutaenda na baba yake amshike.